Kengele ya Dakika Sita

Asubuhi ile mwanawe alimpigia simu kutoka kambini. "Mzee, leo ndiyo leo. Wakipitisha tu, kikosi chetu ndicho cha kwanza kuvuka mpaka. Wafungie wote nje basi!" Wakacheka, baba na mwana, kicheko cha watu wanaoogopa.

Baba mtu alikuwa bawabu wa ukumbi wa Bunge. Kwa miaka ishirini na sita kazi yake ya maana ilikuwa moja: kengele ya kura ililia dakika sita, na iliponyamaza, aligeuza ufunguo. Aliye ndani alipiga kura, aliye nje alibaki na lake. Siku moja alimfungia nje waziri mzima, Spika akamsifu mbele ya watu. Tangu hapo wakamwita Kufuli, naye akalivaa jina lile kama nishani.

Wiki tatu zilikuwa zimepita tangu bomu lilipuke kwenye soko la nguo na kuua watu arobaini na mmoja. Sasa serikali ilitaka Bunge liidhinishe jeshi kuwapiga magaidi "popote walipo", bila kikomo cha muda. Aliyesimama kupinga alikuwa mbunge mmoja tu, bibi wa mkongojo, ambaye mjukuu wake alikufa kwa bomu lile lile.

"Popote ni wapi?" aliuliza. "Na mpaka lini?"

"Huna uchungu!" alipayuka mwenzake.

"Ninao. Ndiyo maana sitaki kuwagawia wengine."

Wakamzomea mpaka akakaa.

Wakati wa chai, Kufuli alimwuliza karani wa meza mambo yakoje.

"Hoja imekufa, mzee wangu," karani alijibu huku akichovya mkate. "Kura ni ya siri. Wanazomea ili waonekane kwenye televisheni, lakini nimewapima mmoja mmoja. Wanaopinga wamezidi kama kumi hivi."

Moyo wa Kufuli ukatua. Mtoto haendi kokote.

Kengele ikalia. Wabunge wakatumbukiza simu zao kwenye sanduku la mlangoni, na Kufuli yake vilevile, kama kanuni ilivyotaka. Wakamiminika ndani. Dakika ya tano alishika ufunguo, akachungulia kwenye korido. Kule mwisho, bibi alikuwa anatoka zahanati ya Bunge, goti limefungwa bandeji, mkongojo unagonga vigae.

"Mwanangu, nishikie mlango!"

Zilibaki hatua kumi na mbili. Kengele ikanyamaza.

Mnadhimu wa chama tawala, aliyekaa karibu na mlango, akageuka. "Vipi, Kufuli? Leo umezeeka?"

Viti vya nyuma vikaangua kicheko.

Kicheko kile kikamchoma. Kura moja ya nini, na kumi zimezidi? Kesho waseme Kufuli kashikilia mlango kwa sababu ana mtoto jeshini? Akageuza ufunguo. Mkongojo ukagonga mbao mara tatu, kisha ukaacha.

Kura zikahesabiwa. Spika akavaa miwani.

"Wanaokubali, mia moja na kumi na mbili. Wanaokataa, mia moja na kumi na moja."

Hata bawabu aliijua kanuni: kura zikifungana, hoja imeanguka.

Mnadhimu akaja mbio, akampiga bega. "Umeliokoa taifa, mzee! Nishani yako naiombea mwenyewe."

Kufuli akafungua mlango. Bibi alikuwa amekaa kwenye benchi la korido, mguu kaunyoosha.

"Ngapi kwa ngapi?"

Akamwambia. Bibi akamtazama kuanzia kofia hadi viatu.

"Wewe si ndiye mwenye kijana jeshini?"

"Ndiye mimi, mama."

"Mama, mama... Hapo mlangoni nilikuwa nani?" Akajiinua kwa mkongojo. "Mimi wangu nimeshamzika. Zamu yako."

Akaondoka. Wabunge wakampita Kufuli wakicheka, kila mmoja akichukua simu yake, hadi sandukuni ikabaki moja. Ilikuwa inatetemeka. Ujumbe ulikuwa wa mwanawe, na pembeni kaweka kikatuni kinachokenua meno:

"Mzee, uliwafungia?"