Kigari Kilichokata Kushoto

Fundi redio alipiga magoti kando ya shimo la bomba la kiwanda, akateremsha kigari chake kwa kamba. Kilikuwa na magurudumu ya gari la kuchezea, kamera moja, na kompyuta isiyozidi ukubwa wa kiberiti. Msimamizi alitaka kujua bomba limeziba wapi. Yeye fundi alikuwa na lake. Miaka mitatu iliyopita kaka yake, mchomeleaji, aliingia humo na hakurudi nyumbani. Daftari la zamu lilisema alitoka saa kumi. Basi watu wakasema ameitoroka familia, na mama yao akaacha kutoka nje kwa aibu.

Alibonyeza kulia kwenye simu. Kigari kikakata kushoto. Waya za mota alizipishanisha siku ya kuziunganisha, akaziacha hivyo hivyo kwa uvivu tu. Mbele palikuwa na ukuta wa matofali. Kigari kikaupenya kana kwamba haupo.

Kwenye kioo cha simu, kaka yake alikuwa amechuchumaa upande wa pili, akichomelea.

"Mdogo wangu, waya umezipishanisha," alisema.

Fundi aliikodolea simu macho. Kwenye kigari hakufunga kipaza sauti chochote. Aligeuza simu, akaigeuza tena, asijue aanze na ukuta, sauti au salamu.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Mwambie mama sijatoka bado. Wamenijengea ukuta."

Msimamizi akainama kutazama. "Ah, mzee wa moto! Kazi inakwendaje?"

"Inakwenda, bosi. Tatizo mlango."

Msimamizi alilamba kidole, akafunua daftari nyuma, nyuma kabisa. "Mbona hapa umetoka saa kumi?"

"Si huyo hapo?" fundi akauliza.

"Namwona, dada. Lakini nitamfunguliaje mtu ambaye hayumo?"

Hasira zilimpanda fundi, na bado hakujua azielekeze wapi.

Kigari kilirudi chenyewe. Waya zilikuwa zimelehemiwa upya, risasi ya kulehemia bado ya moto. Alibonyeza kulia, kikaenda kulia. Msimamizi akaandika: kigari kimeingia saa tatu, kimetoka saa nne. Mwandiko ulikuwa uleule wa ile saa kumi ya kaka yake. Kisha akafunika shimo, akakaza nati, akamnyooshea fundi kalamu.

"Tia sahihi hapa, kwamba nyote mmetoka."

Fundi aliishika kalamu. Chini ya mfuniko, kaka yake alikuwa akiendelea na zamu.