Emilie Anatulalia

Jumanne ya pili ya mwezi wa tano, mwaka wa 1991, muuguzi Valère alikuwa amekwisha kupapasa shingo mia mbili na tisa. Kampeni ya malale, ugonjwa wa usingizi, ndiyo hiyo: unapita nyumba kwa nyumba kando ya ziwa, unawaonya watu juu ya mbung'o, unapapasa shingo kwa nyuma, ukikuta tezi zimevimba unaandika jina. Iliahidiwa wangekuja wauguzi watatu. Alikuja yeye tu. Alikuwa amechoka, jamani, hata kofia ilimwelemea.

Mama Philomène, muuza ndagala, wale dagaa wa ziwa, alimpa kiti.

"Mugeni njoo, mwenyeji apone," alisema, huku akiendelea kuanika.

Ilikuwa saa nne asubuhi. Karibu na mlango Emilie, binti wa kaka yake aliyetoka Kirungu kujifunza ushoni, alikuwa amelala na tonge la bukari mdomoni. Valère alilitoa tonge, akampapasa shingo. Tezi zilikuwa kubwa kama maharage.

"Mama, huyu mugonjwa. Analala hivi tangu lini?"

"Tangu Pasaka. Na siye tangu siku ile hatujalala."

Alisema kama mtu anayesema chumvi imekwisha. Na kweli hawakulala. Emilie alikuwa akiwalalia: usingizi wa nyumba nzima ulimwendea yeye, na watu sita waliosalia wakabaki macho, wazima wa afya, usiku wakivua kwa taa, mchana wakianika. Jirani yao, Papa Symphorien, mlinzi wa stesheni, naye aliomba alaliwe. Walimkubalia, jirani ni jirani. Valère hakuyaandika hayo, maana fishi yake, karatasi ya kampeni, haikuwa na mstari wa mambo kama hayo.

"Alhamisi landrova inapeleka wagonjwa hospitali," alisema. "Sindano iko. Bila sindano, huyu Noeli haioni. Lakini hospitali haipokee mugonjwa bila garde-malade. Mutu mumoja wa jamaa akae naye, amupikie."

"Akipona, nani atatulalia?"

Hapo Valère alikasirika. Sokoni, mchuuzi wa Kigoma akikupunja bei, unamwambia wazi: unanilalia.

"Mama, ninyi njo munamulalia huyu mutoto!"

"Mimi? Ee Mungu wangu! Namulisha, namuogesha, namufulia. Wewe unamufanyia nini?"

Valère aliandika jina la Emilie kwenye fishi.

Alhamisi landrova ilipiga honi mara tatu. Mama Philomène alisema watu wote wa nyumba wako kazini, na hakusema uongo, kwa sababu kazi yao siku hizi haikuwa na mwisho. Valère alipiga magoti kando ya mkeka. Emilie akafumbua macho.

"Papa Muganga, nimechoka," alisema. "Waambie nao walale kidogo. Hata siku moja tu."

Valère alitaka kulia. Alimwapia kwamba Alhamisi ijayo atakuwa garde-malade yeye mwenyewe, kampeni isimame. Lakini Emilie alikwisha kulala, na dereva hakuweza kungoja.

Jioni ile Valère alijinyoosha kitandani, usingizi usije. Wala hakuuhitaji. Mgongo hauumi, miguu myepesi, jambo ambalo hakulijua tangu aanze kazi. Alielewa palepale nani anamlalia. Alikaa ukingoni mwa kitanda akaona haya, haya ya kweli, kwa muda mrefu. Kisha akawasha taa akaandika ripoti za wiki tatu.

Wiki iliyofuata alipita vijiji vinne na kupapasa shingo mia nane. Wagonjwa kumi na mmoja walipatikana mapema, wakapelekwa, watapona. Hao nao ni watu, alijiambia, na hakuna awezaye kumbishia. Alhamisi landrova ilipokuja mjini kwa Mama Philomène, yeye alikuwa kijiji cha nne, na kazi ilikuwa inakwenda vizuri sana.

Jumamosi alifika kwa Mama Philomène amebeba godoro la sponji kichwani. Mama alimtazama yale macho maangavu, akaacha ndagala zake.

"Hata wewe, Papa Valère?"

"Hata mimi, mama."

Walimwinua Emilie pamoja, mmoja mabegani, mmoja miguuni, wakamlaza juu ya godoro polepole, asije akaamka.