Kilo za Ndugu Bartholomeo

Jumatatu asubuhi Lukasi aliegesha pikapu ya kijiji juu ya mizani ya ghala la katani, nje kidogo ya Msamvu, akazima injini na kuvuta breki ya mkono. Nyuma alikuwa ameunga tela la kuazima, na juu ya tela kulikuwa na mashine ya kusaga, mpya, bado inanuka rangi. Wanawake wa kijiji cha ujamaa huko Matombo waliahidiwa mashine hiyo siku walipohamishwa kutoka mlimani, mwaka wa sabini na tatu. Sasa ulikuwa wa sabini na sita. Mama yake Lukasi, Rosa, alikuwa ametwanga miaka yote hiyo hadi kila asubuhi viganja vinagoma kufunguka, na mwanawe alikuwa amemwapia kwamba safari hii hatwangi tena.

Lukasi hakuwa mtu wa kubahatisha. Madereva wenzake walisoma kibao cha mlangoni, wakasema bismillahi au wakafanya ishara ya msalaba, wakapanda mlima. Yeye alipiga hesabu kwenye karatasi. Kibao kilisema gari na vyote vilivyomo visizidi kilo elfu mbili mia sita. Gari tupu, na petroli yake, elfu moja mia sita. Dereva naye ni mzigo: sitini na tano. Tela lina magurudumu yake, lakini mkono wake huegemea nyuma ya gari, jambo ambalo wengi hulikumbuka wakiwa tayari korongoni: tisini na tano. Mikanda na vyuma vya mashine vilivyomo garini, mia moja tisini.

"Elfu moja mia tisa hamsini," alisoma Asia, karani wa mizani. "Una nafasi tele."

Ndipo alipofika Ndugu Bartholomeo, mratibu wa maendeleo, aliyekuwa anakwenda kuizindua mashine. Alikuwa mwembamba, mkanda wa suruali umetobolewa matundu ya ziada. Akafungua mlango, akaketi, na gari likalalia upande wake.

"Elfu mbili mia tisa na kumi," Asia alisoma, akaandika. "Mratibu ana mia tisa sitini. Mwaka jana alikuwa na mia saba, lakini wamemwongezea kamati ya maji na kamati ya mbegu."

Bartholomeo aliafiki. Kila cheo kina kilo zake, na yeye hakuwahi kukataa cheo. Nyumbani kwake alilalia kitanda cha zege.

Lukasi alisogea dirishani. "Ndugu Mratibu, tumezidi kwa mia tatu na kumi. Mlimani breki hazitashika. Kibali cha petroli ni cha safari moja, na tela linatakiwa jioni. Labda ungepanda basi."

"Mabasi yameacha kunichukua tangu Sabasaba."

"Basi mashine itangulie, ndugu."

"Itazinduliwa na nani?"

"Na ukienda bila mashine, utazindua nini?"

"Wananchi lazima waelimishwe kwanza." Bartholomeo akaomba karatasi ya Lukasi, akaisoma mstari kwa mstari. Hakukuta kosa. "Umefanya kazi ya kizalendo. Wenzako wangetuua. Haya, teremsha."

Lukasi alijilaani. Laiti angebahatisha, mara moja tu katika maisha yake! Lakini tela likafunguliwa, vyuma vikashushwa, na mizani ikasema elfu mbili mia sita ishirini na tano. Akatoa na gurudumu la akiba, lenye kilo ishirini na tano, akaliegemeza kwenye mashine. Asia akagonga muhuri: salama kwa safari.

Kijijini wanawake walikuwa wamepanga madebe ya mahindi mbele ya kibanda cha mashine, la Rosa likiwa la kwanza. Bartholomeo alikata utepe, akaingia kibandani mlimokuwa na sakafu tu, akahutubia saa mbili juu ya faida za kusaga kwa mashine. Zote zilikuwa za kweli. Watu walipiga makofi, wakamchagua papo hapo kuwa mwenyekiti wa kamati ya ulinzi wa mashine, na sakafu ikapata ufa.

Lukasi alimkuta mama yake kando ya mlango wa kibanda. Aliona aibu hata kumtazama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Iko wapi?"

"Imebaki mizanini, Msamvu. Gari halikuweza vyote viwili."

Rosa alichungulia mlangoni, akamtazama mgeni, kisha akalitazama debe lake. Zamu ya kumpikia mgeni ilikuwa yake.

"Ana kilo ngapi yule?"

"Tulipotoka mjini, mia tisa sitini. Sasa sijui."

Rosa alivinyoosha vidole vyake, kimoja kimoja, kwa mkono wa pili.

"Basi debe moja halitamtosha," alisema, akaenda kwa jirani kuazima jingine, akarudi, akashika mchi.