Jenereta Katika Chumba cha Majoho

Kanisa letu hapa Baraka, mji wa kando ya ziwa, lina kamati ya maendeleo, na kamati ina mwenyekiti, Papa Déogratias, mtu anayejua kila kitu. Mimi, Bienfait, natengeneza redio na simu sokoni kwa mwaka wa kumi na mbili sasa. Kwa hiyo mambo ya umeme, kwa maoni yake, hayanihusu.

Kanisa lilipopata jenereta, niliiweka nje, hatua ishirini kutoka mlangoni, bomba la moshi likitazama ziwa. Ilifanya kazi vizuri Jumapili tatu. Ndipo Papa Déogratias akagundua kasoro kubwa: kelele yake ilikuwa inafunika mahubiri. Jumamosi akaihamishia katika chumba kidogo nyuma ya mimbari, wanamotunza majoho ya kwaya. Akaziba na dirisha kwa matambara, mngurumo usisikike. Mwenye akili kweli.

Jumapili nilipoisikia ikiunguruma ukutani, nilimfuata kabla ya ibada. Nilimweleza kwamba moshi wa jenereta ndani ya nyumba unaua, na kwamba sehemu mbaya zaidi haina hata harufu. Akanijibu kwa upole kwamba kuna mlango wa mbao katikati, tena mlango mzuri, na kwamba waumini waliofunga siku tatu hawaogopi moshi. Kisha akaniuliza, mbele ya mashemasi, kama ni kweli nilionekana Alhamisi, siku ya kwanza ya mfungo, sokoni nikila beignet, yale maandazi ya mafuta.

Ilikuwa kweli. Nilikula mbili. Kwa aibu ya beignet mbili nikanyamaza, nikaenda kukaa, na mke wangu Arlette, mwenye mimba ya miezi saba, akasimama na kwaya mstari wa nyuma, mgongo wake karibu na ule mlango mzuri.

Wimbo wa tatu, waimbaji walianza kushika vichwa. Ni mfungo, watu wakanong'ona. Wimbo wa tano, Mama Solange akaanguka. Roho ameshuka, wakasema. Vigelegele, makofi, na Papa Déogratias akatangaza kwamba tangu kanisa lijengwe hatujatembelewa namna hii. Akaanguka mwingine. Kisha nikamwona Arlette anapapasa ukuta, akitafuta pa kushika asianguke.

Arlette hakuwa amefunga. Bamama wa kanisa walimkataza kwa sababu ya mimba. Na kuhusu kuanguka kwa Roho, kila mwaka huwa anaapa kwamba siku akianguka kanisani itakuwa ameteleza. Niliruka viti, nikabana pumzi, nikaingia chumbani na kuzima jenereta.

Umeme ukakatika, kipaza sauti kikafa. Nikarudi kanisani.

"Bandugu," Papa Déogratias akasema, "Shetani amekata courant."

"Apana Shetani, Papa. Ni mi njo nimezima. Mutoe bantu inje, sasa hivi."

Tukawabeba. Wengi walipata nafuu nje kwenye upepo, wakatapika, wakakaa chini. Arlette alifumbua macho, lakini alikuwa ameshika tumbo, akasema mtoto hachezi. Nilimpakia kwenye pikipiki hadi hospitali. Sijawahi kujichukia kama njiani siku ile.

Muuguzi, Kabagwira, alimweka oksijeni. Mashine ya oksijeni inataka umeme, na umeme wa siku ile ulitoka kwenye jenereta ya hospitali. Niliiona kupitia dirishani: mbali uani, chini ya bati lisilo na kuta, inapiga kelele bila aibu yoyote. Niliipenda kelele ile. Kila ilipotetereka kidogo, niliinuka kwenda dirishani.

Baada ya saa mbili hivi, Arlette alichukua mkono wangu akauweka chini ya mbavu zake. Nikapigwa teke. Nililia, na simfichi mtu.

"Iko anacheza," akasema. Halafu akaniangalia vizuri. "Na beignet, zilikuwa tamu?"

Jumapili iliyofuata jenereta ilikuwa nje. Papa Déogratias alishuhudia kwamba Bwana alimwonyesha mahali katika ndoto: hatua ishirini, bomba likitazama ziwa. Kanisa zima likasema amina, hata mimi.

Sasa kila Jumapili, kabla ya wimbo wa kwanza, nazunguka nyuma ya kanisa kuisikiliza ikipiga kelele. Siku nitakayoikosa pale nitasema, mbele ya mashemasi wote, hata kama nimetoka kula beignet kumi.