Nyuma ya Nguzo ya Tatu

Eh, ugomvi wa Godelive na ile nguzo ya tatu ya kanisa ulikuwa wa miaka ishirini na sita! Mapadre wa zamani waliijenga nene, matofali juu ya matofali, na mume wake Maliro akaamua kukaa nyuma yake, upande wa wanaume, kila siku ya Mungu. Fundi mzima wa kujenga, anayelijua lile kanisa la Butembo mpaka paani, achague fasi ya kukaa isiyoona hata altare!

"Unajificha ulale," alimgombeza wakirudi nyumbani.

Maliro alicheka tu, akimwita kwa jina la mtoto wao. "Lakini kule iko baridi muzuri, mama Victoire."

Kisha vita. Maliro alikwenda Oicha kujenga ukuta wa dispensari, barabara ikafungwa nyuma yake. Miezi kumi na tano, hapana barua, hapana salamu. Kila misa Godelive alitandaza kitenge nyuma ya nguzo, ndipo akavuka kwenda upande wa wanawake, kwenye fasi yake dirishani. Mtu akikaribia kile kitenge: "Iko na mwenyewe!" Kukiondoa kungekuwa kumzika Maliro kwa mikono yake, na hakuwa tayari hata kidogo.

Siku moja wakimbizi wa Oicha walijaza kanisa mpaka mlangoni, padiri akasema kila mtu akae popote. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akasimama mbele ya kitenge. Godelive alivuka kwa hasira, mdomo tayari, akaona miguu ya yule mama ilivyovimba.

"Enda ukae kwangu, kule dirishani," akasema. "Miye nitakaa huku."

Akakiondoa kitenge, akakaa, akijichukia.

Altare haikuonekana, kweli. Aligeuza uso watu wasione machozi, na hapo akaona uwazi kati ya nguzo na mimbari, upana wa kiganja. Ulionyesha fasi moja tu ya kanisa zima: dirishani, kwenye mwanga, yule mama akinyonyesha. Fasi yake mwenyewe, Godelive.

"Maliro, mujinga wangu," akalia bila haya, "kumbe haukukuwa unalala."

Wiki iliyofuata, nyuma ya nguzo aliacha akae anayetaka. Yeye alirudi dirishani, kile kitenge amekifunga kichwani vizuri sana, uso ameuelekeza kwenye ule uwazi mpaka misa ikaisha.