Milio Mitatu

Mkwe wangu alibonyeza swichi kwa mara ya saba, skrini ikabaki nyeusi, nami moyoni nikasema: afadhali.

Ndiyo, nilisema afadhali, na kwa umri huu sina nguvu ya kuficha mambo. Nilikuwa nimeketi kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango, goti langu lililofanyiwa upasuaji limenyooshwa juu ya boksi tupu, nikiomba ile kompyuta mpya igome kabisa. Ikigoma, mteja ataondoka. Mteja akiondoka, karakana itafungwa, na mkwe wangu atarudi kwenye lile duka kubwa alikokuwa akipuliza vumbi kwenye kompyuta chumba cha nyuma, kazi ya uhakika, binti yangu apate usingizi. Hivyo ndivyo nilivyopanga, na nilijiona mtu wa busara.

Mkwe wangu ni kiziwi, alizaliwa hivyo. Mtaani wanamwita Fundi Kimya, jina alilobandikwa na watu ambao hawajawahi kumsikia akicheka, maana akicheka madirisha yanatikisika. Binti yangu aliponiletea habari zake miaka mitatu iliyopita nilisema maneno ambayo sitayarudia hapa. Mimi nimekula kwa masikio! Miaka thelathini na moja nilikuwa opereta wa simu, nikiunganisha watu na watu wao, namtambua mtu kwa jinsi anavyovuta pumzi kabla ya kusema haloo. Nikaona binti yangu kanifanyia kusudi. Harusini nilikwenda, mkono nikampa, basi. Tangu siku hiyo tulizungumza kwa kupitia binti yangu: yeye anaongea kwa mikono, binti anatafsiri, mimi namjibu binti. Kujifunza hiyo mikono nilikataa. Nilisema vidole vyangu vimekakamaa. Vidole hivyo hivyo vinafuma sweta.

Sasa goti lilikuwa limenileta kwao kwa wiki tatu. Asubuhi ile binti yangu, ambaye ni mwalimu wa sekondari, alikuwa anakwenda kusimamia mtihani, na simu haziruhusiwi mpaka saa nane mchana. Kabla ya kutoka alinishika bega.

"Mama, leo ndiyo leo. Yule dada wa ramani anakuja saa sita kuchukua kompyuta yake. Ikimridhisha, ataleta kazi zote za ofisi yake hapa. Isipomridhisha, tumekubaliana, tunafunga."

"Sasa mimi nifanye nini?"

"Kaa naye tu."

"Nikae naye nimwambie nini?"

"Mama jamani. Kaa naye tu."

Basi nikakaa. Dada wa ramani anachora ramani za nyumba na maghorofa, kwa hiyo alitaka mashine yenye misuli, si hizi za kuandikia barua. Mkwe wangu aliiunda kwa siku mbili kwenye chumba cha mbele, kipande kwa kipande, nyaya kazilaza ndani kwa unadhifu kama nywele za mtoto siku ya kupigwa picha. Niliona. Nilijitia kutazama barabarani, lakini niliona. Na sasa feni zilikuwa zinazunguka, kitaa cha mbele kinawaka, skrini haina habari. Akachomoa waya, akachomeka. Akabadilisha skrini, akarudisha. Saa ya ukutani ilisema saa tano kasoro kumi.

Na kila alipoiwasha, mashine ililia.

Kilikuwa kisauti chembamba, kikitoka kwenye kispika kidogo kama punje ya harage. Mkwe wangu mwenyewe ndiye alikichomeka mle ndani, kwa sababu mashine ikiwa na kasoro hulia kwa mpangilio fulani, na kitabu chake kinaeleza kila mlio una maana gani. Siku zote binti yangu ndiye aliyemsikilizia. Leo binti hayupo. Kwa mlango wa pili fundi wa kuchomelea alikuwa anakata mabati, mtu mwingine asingesikia kitu, ila mimi nilisikia tangu mara ya kwanza. Nikang'ata ulimi. Mara saba mashine iliita, na mara saba mimi nilikaa pale nikitazama kucha zangu.

Mara ya nane hakubonyeza. Aliweka kiganja ubavuni mwa ile mashine, akafumba macho, akawa anatafuta kwa mkono kile ambacho mimi nilikuwa nacho bure. Halafu akafumbua macho, akageuka, akaona jua limesogea likanipiga gotini. Basi mtu huyo, aliyebakiwa na saa moja tu ya karakana yake, aliacha kazi, akaja, akashika kiti changu na mimi ndani yake, akanivuta taratibu mpaka kivulini. Akalisogeza na boksi, akaliweka goti langu vizuri, akarudi mezani.

Roho ilinisuta hata nikashindwa kuketi sawasawa. Akaiwasha tena, ikalia tena, nami nikapiga makofi kumwita. Ndiyo, nilimpigia makofi kiziwi. Nilipojishtukia nikachukua mkongojo nikaugonga mezani, na mtikisiko ukamfikia. Akageuka. Nikaonyesha mashine, nikaonyesha sikio langu, nikainua vidole vitatu.

Macho yalimtoka. Alichana kipande cha boksi, akaandika: *Mara tatu?*

Nikatikisa kichwa kukubali, tena kwa majivuno kidogo.

Akafungua kitabu. Milio mitatu maana yake kasoro iko kwenye kumbukumbu, vile vibao viwili vyembamba vinavyosimama wima katikati ya mashine. Akavichomoa, akavifuta kwa kitambaa, akavirudisha. Akajaribu kimoja peke yake, kisha kingine. Akavibadilishia nafasi. Kila mara ananitazama, na kila mara nainua vidole vitatu, na kila mara uso wake unashuka kidogo. Dakika hamsini ziliondoka hivyo.

Dada wa ramani alifika mapema, mkoba begani, funguo za gari mkononi. Akatazama ile mashine iliyo wazi, akanigeukia mimi.

"Bado tu? Au imeshindikana?"

Alimruka mtu mzima aliye mbele yake akaniuliza mimi, kama nilivyofanya mimi miaka mitatu. Ilinichoma.

"Mwenye kazi ni yule pale, mwanangu. Muulize yeye. Mtazame usoni, atasoma midomo."

"Naona ameinama."

"Basi kaa, akiinuka utamuuliza."

Akakaa kwenye ncha ya benchi, mtu anayejiandaa kuondoka. Mkwe wangu hakuwa amemwona. Kichwa kilikuwa ndani ya mashine, tochi mdomoni, mikono yote miwili imezama kwenye nyaya. Akatoa mkono mmoja, akaigusa swichi kwa kidole gumba, mashine ikalia, na safari hii nikaisikiliza kama nilivyokuwa nikilipwa kusikiliza.

Mlio wa kwanza ulikuwa mrefu. Iliyofuata miwili ilikuwa mifupi.

Zamani vijijini, laini moja ya simu ilihudumia nyumba tano, na kila nyumba ilijua mlio wake. Mrefu mmoja na mifupi miwili, hiyo zahanati. Mitatu inayolingana, hiyo kwa mwenye mashine ya kusaga. Hata mwanafunzi wa wiki ya kwanza hakuwa akiichanganya. Na mimi, miaka thelathini na moja kazini, nilikuwa nimehesabu kama mtu anayehesabu vikombe. Mgonjwa anaita zahanati, mimi nampeleka kwa mwenye mashine ya kusaga, saa nzima!

Kumwita nisingeweza. Kumwandikia, macho yake hayakuwa na nafasi. Nikasimama, bila mkongojo, goti likapiga kelele peke yake, nikafika mezani nikamshika kifundo cha mkono. Alishtuka. Tangu ule mkono wa harusini sikuwahi kumgusa. Kwa mkono wangu mwingine nikaikandamiza swichi mpaka mashine ikazima, nikaibonyeza tena, nikategea sikio, na ilipolia nikalia nayo kwa kidole kwenye ngozi yake. Nikabonyeza nikashikilia. Nikaachia. Nikagusa. Nikagusa.

Akatoa tochi mdomoni. Hakunitazama usoni, alitazama kidole changu, kisha akakishika yeye mwenyewe akakirudisha pale pale kwenye mkono wake: rudia. Nikarudia. Mrefu, mfupi, mfupi.

Kitabu kilifunguliwa kwa kasi hata ukurasa ukachanika. Kadi ya picha! Ile kadi nzito inayopeleka picha kwenye skrini. Akamulika chini yake, na hata mimi niliona: bati la nyuma ya kasha lilikuwa limepinda kidogo, likaikwamisha kadi, upande mmoja umeingia, upande mwingine umeinuka unene wa ukucha. Akalegeza skrubu, akalinyoosha bati kwa koleo, akaikandamiza kadi kwa vidole gumba viwili. Ikaitikia, tak!

Hapo akanyoosha mkono kwangu. Kifundo juu, mishipa imesimama, akafumba macho, na kwa mkono wa pili akabonyeza swichi.

Mlio mmoja, mfupi. Nikaugusa mkononi mwake mara moja, nikasubiri mwingine, haukuja.

"Ohoo!" akasema dada wa ramani nyuma yetu, benchi likalia alivyoinuka. Skrini ilikuwa imewaka. Mkwe wangu hakujua. Alikuwa bado amefumba macho, anangoja kidole changu kiendelee. Alipoona kimya kimezidi akafumbua, akakuta machozi yananitiririka, na uso wake ukaanguka. Alidhani imekufa. Nikamshika mashavu kwa mikono miwili nikamgeuza kichwa kuelekea skrini.

Kile kicheko kilitoka. Fundi wa mabati alizima mashine yake akaja kuchungulia.

Dada wa ramani alichomeka kifaa chake, akafungua ramani ya ghorofa tano, akaizungusha upande huu na ule, juu chini, haikusitasita hata kidogo. Kisha akasimama mbele ya mkwe wangu, akamtazama usoni, akasema polepole, "Jumatatu naleta kompyuta nne za kwanza." Mkwe wangu akasoma midomo, akashika kifua. Wakabeba mashine pamoja mpaka kwenye gari.

Aliporudi aliketi juu ya lile boksi la goti langu, akachukua kipande chake cha karatasi ngumu akaandika, akanipa.

*Mama, inaliaje?*

Nikachukua kalamu. Nikaandika *piii*, nikafuta. Nikaandika *nyembamba*, nikafuta, maana nyembamba ni uzi. Maisha yangu yote niliishi ndani ya sauti, na sikuwa na neno hata moja la kumpa mtoto wa mwenzangu. Nikaona aibu, nikamwonea huruma, nikajionea huruma na mimi kwa miaka mitatu niliyoitupa. Nikaiweka kalamu chini. Nikachukua kiganja chake, kimejaa vumbi la mashine, nikakilaza kooni kwangu, nikavuta pumzi, nikalia kama kompyuta. Mrefu mmoja, mifupi miwili.

Akainamisha kichwa, kama mtu aliyepewa kitu kizito akipime. Kisha akainua kidole kimoja: tena.

Nikalia tena.