Nyuki Hawajaambiwa

Haya aliniambia Mboni mwenyewe, Jumapili ya kwanza baada ya Idi kubwa, tumekaa jikoni kwangu tunachambua dengu. Nayaweka hapa kama alivyoyaweka yeye, bila haraka, maana hata yeye hakuwa na haraka.

"Rudi kwenye kidole cha mwisho," alisema Bibi Rahila. "Hicho ndicho kinachoniuma, nawe umekiruka."

Mboni alirudi. Alikuwa amekaa juu ya zulia, mguu wa kushoto wa bibi mapajani mwake, kibakuli cha mafuta ya habasoda ubavuni. Kila Jumamosi asubuhi, katika nyumba ile ya Muscat, kazi yake ilikuwa hiyo, baada ya kufagia na kabla ya kuteleka wali. Zamani aliiona ndefu. Siku hizi aliivuta makusudi: vidole vikiisha alihamia kwenye nyayo, nyayo zikiisha akaanza visigino, na visigino vikiisha aliuliza kama bibi hasikii baridi kwenye magoti. Sababu ilikuwa kitabu.

Kitabu kilikuwa cha Noof, mjukuu wa bibi, anayesoma chuo. Riwaya ya Kiingereza, habari za wanawake wa nchi moja ya kaskazini kunakoanguka theluji, wanaume zao wakataji miti, wenyewe wanafuga na kufuma sufu na kuzikana. Mwalimu amelitaka darasa zima liisome. Noof alisoma ukurasa kimoyomoyo, kisha akamweleza bibi yake kwa Kiswahili, na pale Kiswahili kilipomkimbia akatia Kiarabu. Kiingereza cha Mboni kilikuwa cha darasa la saba na Kiarabu chake kilikuwa cha jikoni, lakini hadithi haikosi pa kupenya. Wiki sita sasa aliwajua wale wanawake mmoja mmoja, nani mchoyo, nani anamwonea wivu nani. Swali likimzidi alilipitisha kwa bibi.

"Bibi, hebu muulize, hao ng'ombe wanalala nyumba moja na watu?"

"Noof, ng'ombe wanalala ndani?"

"Nimemsikia, Bibi. Ndiyo, wanalala ndani. Baridi kali."

"Na harufu je?" akanong'ona Mboni.

"Mwambie kitabu hakina harufu," akasema Noof, bila ya kuinua macho.

Siku hiyo alikuwapo na Maha, shoga yake Noof wa darasani, binti wa muuza vitambaa wa mtaa wa Hamriya. Mdomo wa Maha ulikuwa kama mkasi wa dukani kwao. Walikuwa na swali moja la kuandikia kurasa mbili, na kurasa zenyewe zinatakiwa kesho asubuhi.

"Bibi, sikiliza, labda utatusaidia," Noof alisema. "Yule mjane. Mumewe kafa alfajiri, kifua. Watoto wamelala. Anavaa viatu, anatoka kwenye theluji, anakwenda mpaka kwenye mizinga ya nyuki nyuma ya nyumba. Anagonga mzinga mmoja baada ya mwingine kwa ufunguo wa mlango, anawaambia, bwana wenu amefariki. Ndipo anarudi kuwaamsha wanawe. Swali: kwa nini nyuki kwanza?"

Mkono wa Mboni ulisimama kwenye kisigino.

"Kachanganyikiwa," Maha alisema. "Miye nshaandika hivyo. Kurasa mbili, khalas."

"Mwalimu kasema atakayeandika kichaa atarudia."

"Basi weye umeandika nini?"

"Nimeandika nyuki ni alama ya upweke wake."

"Nyuki elfu na upweke, wapi na wapi," Bibi Rahila akasema. "Huyo hana adabu tu. Maiti ndani haijaoshwa, yeye anakwenda kupiga soga na wadudu. Na eda yake je? Anatoka nje na viatu?"

"Hao si Waislamu, Bibi. Hawana eda."

"Hawana eda?" Bibi alifikiri. "Basi wanajuaje kama wamefiwa?"

Wasichana walicheka. Mboni aliinamisha kichwa, akachovya vidole kwenye mafuta ingawa vilikuwa bado vinang'aa.

Mumewe, Khalid, alikuwa mrina asali wa Sikonge. Mwezi wa Rajabu, tarehe nane, aliteleza juu ya mti wa mtundu kwenye kambi ya warina, akaanguka, msituni ndani kabisa, mwendo wa siku mbili kutoka barabarani. Simu ilipomfikia Mboni huku Muscat, Khalid alikuwa na siku tatu kaburini. Aliipokea akiwa anapiga pasi. Akamaliza kanzu aliyokuwa nayo, akazitundika zote. Hakumwambia mtu.

Si kwamba nyumba ile ilikuwa mbaya. Aliyekuwako kabla yake, Anjelina, alifiwa na mama yake, na watu hawa wakampa tiketi siku ileile, na sukari, na nguo za wadogo zake. Lakini Anjelina hakurudi. Viza ilikwisha yuko matangani, na kazi akapata Mboni. Basi Mboni aliwaza karo ya binti yake, yuko mwaka wa pili chuo cha uuguzi Tabora, akaona afadhali wema ule usimfike. Eda yake aliikaa palepale, kati ya jiko na kamba ya nguo. Miezi minne na siku kumi hakujipaka wanja wala hina, hakutia hata tone la udi, hakulivuka lango. Wenye nyumba wakasema huyu amekuwa mnuni. Ilikuwa imekwisha siku chache tu nyuma, nayo ikaisha kama ilivyoanza, hapana aliyejua.

"Miye naandika hivi," Maha alikuwa anasema. "Ni ujinga wa wanawake wa shamba. Hawajasoma, wanaamini mdudu anasikia habari."

"Siyo ujinga," alisema Mboni.

Alisema kwa sauti yake mwenyewe, bila kuipitisha kwa bibi. Wote watatu walimtazama.

"Enhe," Noof akasema. "Si nilikwambia, Maha, mume wa da Mboni ni mtu wa nyuki. Ile asali aliyokuja nayo, Bibi aliificha chini ya kitanda."

"Sikuificha, niliiweka," Bibi alisema. "Asali ya Tabora haiachwi mezani ikatazamwa na kila mtu. Sema, Mboni. Sisi humu hatukujaliwa hata kumwona nyuki ila kwenye chupa ya asali."

Mboni alifuta mikono kwenye kitambaa.

"Nyuki hamjui mtu kwa sura," alisema. "Anamjua kwa harufu na kwa mwendo. Anayewafungulia mzinga ana jasho lake, ana moshi wake, ana hatua zake. Siku asipokuja, wao hawajui kama amekufa, wanajua tu amechelewa. Akija mwingine kimyakimya, kwao huyo ni mwizi. Watamuuma, ama watahama. Kundi zima linanyanyuka siku moja, mzinga unabaki na siafu. Khalid kabla ya kupanda alikuwa anasimama chini, anagonga shina kwa mpini wa shoka, anapiga hodi. Anataja jina lake, na jina la aliyefuatana naye. Wenzake kambini walimcheka. Lakini yeye aliumwa kidogo kuliko wote. Sasa huyo mama. Mume amekufa, mizinga kesho ataifungua nani? Si yeye? Lazima wamsikie kabla mkono wake haujaingia ndani. Watoto atawaambia wakiamka. Watoto hawahami."

Noof alikuwa ameshika kalamu. "Sema tena, polepole. Naandika."

"Watoto hawahami," Maha alirudia. "Hilo nalitaka miye."

"Weye si una kichaa? Bakia na kichaa chako."

"Nshakifuta. Da Mboni, nipe na miye kipande." Maha alisogea mpaka ukingoni mwa kochi, macho yamemtoka kwa shauku. "Na mumeo je, Mungu apishie mbali, siku akifa, wa kwake atawaambia nani? Weye huku uko mbali."

Mboni alitaka kusema Mungu apishie mbali. Neno lilikuwa tayari, ni neno la kawaida, lingepita. Lakini fikra yake ilikuwa imeshamwacha, ilikuwa chini ya mtundu inatazama juu, inahesabu mizinga ya magome na kujiuliza ni mingapi bado ina nyuki. Tangu Rajabu amewaza mengi usiku na mchana. Hili hakuwahi kuliwaza.

"Bado hawajaambiwa," alisema.

"Nani?"

"Nyuki wa Khalid."

Bibi Rahila aliuvuta mguu wake taratibu, akauweka chini, mafuta na yote, juu ya zulia. "Hawajaambiwa nini, Mboni?"

"Amefariki, Bibi. Mwezi wa Rajabu. Tarehe nane."

Hakuna aliyesema pole, kwa sababu bibi alikuwa anahesabu. Alihesabu kwa kidole gumba juu ya pingili za vidole vingine, kama anayevuta tasbihi. Rajabu, Shaabani, Ramadhani, mfunguo mosi, mfunguo pili. Akafika, akarudia.

"Idi ya mfunguo mosi nlikuletea hina, ukasema inakuwasha."

"Ndiyo, Bibi."

"Nkakutuma Hamriya ukanunue uzi, ukasema mguu unakuuma. Nkakupa mafuta yangu haya haya."

"Nilikupaka wewe, Bibi. Mguu ulikuwa hauniumi."

"Miezi mitano," Bibi alisema, na sauti ikaanza kupanda. "Miezi mitano nakaa na mfiwa nyumba moja, nacheka, naita watu kwenye maulidi, nawe unanipitishia birika. Hukupewa pole na mtu hata mmoja mji huu. Umenifanya miye mtu gani?"

"Nilimkumbuka Anjelina."

"Anjelina tulimpa tiketi. Ubaya wetu uko wapi?"

"Hamkuwa na ubaya, Bibi. Ila hakurudi."

Bibi alitazama kitabu mikononi mwa Noof kama kwamba hicho ndicho kilichoyaleta yale. Kiyoyozi kilizimika, kikawaka tena.

"Inna lillahi wainna ilaihi rajiuun," alisema mwishowe. "Pole, mwanangu. Nmechelewa, lakini pole." Na baada ya hapo: "Idi kubwa ikipita utaniambia. Kwenda, ama kubaki, ama kwenda na kurudi. Yote matatu yapo, na bosi wako Wadha akitoka kazini ntamweleza miye, yeye ni mwanangu, hawezi kunibishia mpaka mwisho. Sasa unataka nini?"

Mboni alijitafuta. Machozi yalikuwa karibu, lakini kitu kingine kilikuwa mbele yake.

"Nataka kwanza kujua kama bado wapo," alisema.

Akampigia Sinan, shemeji yake, na Maha akaomba asikie, na hakuna aliyemkataza. Sinan alikuwa Sikonge mjini ananunua chumvi na betri, kesho alfajiri wanaingia msituni, msimu wa kurina umefika. Hapana, mizinga ya marehemu hajaigusa. Tangu siku ile walipokwenda kumchukua, hajapita upande ule.

"Kwa nini, shemeji?"

Simu ilikwaruza. "Naogopa," Sinan alisema. "Wale walimzoea yeye. Mimi nitasimama pale niseme nini?"

"Usiseme wewe. Nitakutumia sauti, ipakue leo kabla hujaondoka kwenye mtandao. Ukifika, gonga shina, uwafungulie waisikie."

"Shemeji." Sinan alikohoa. "Unajua kwetu. Mwanamke haendi kwenye mizinga."

"Siendi mimi. Inakwenda simu."

Sinan akacheka, kicheko kifupi cha mtu aliyeshindwa na hakasiriki. "Tuma. Lakini isiwe ndefu, simu yangu imejaa."

Maha alitaka kufuata hadi chumba cha kufulia. Bibi akamzuia kwa fimbo yake. "Mwacheni mtu na nyuki wake."

Kule ndani, kati ya mashine na kapu la nguo chafu, Mboni alisema mara ya kwanza akafuta. Alisema kwa Kiswahili, kizuri, kama mtu anayetangaza redioni, na alipojisikiliza akaona sivyo. Khalid hakuwahi kusema nao Kiswahili. Mara ya pili alisema kwa Kinyamwezi. Alipiga hodi. Alijitaja, na mama yake, na kijiji. Aliwaambia kuwa ni yeye aliyechuja asali yao na kuyeyusha nta yao tangu miaka kumi na tisa nyuma, mpaka alipokuja huku, ingawa hawamjui. Akawaambia. Akawaambia pia atakayekuja na simu ni ndugu wa damu, ana woga, wasimuumize sana. Haikufika dakika mbili. Akaituma.

Mchana walikula wali na samaki. Bibi alikataa kuhudumiwa, akapakua mwenyewe, akamwaga mchuzi kwenye kitambaa cha meza, na hapana aliyethubutu kumsaidia. Baada ya hapo jua la Wattaya, mtaa wao, likawa halitazamiki, mapazia yakashushwa, nyumba ikaingia kwenye usingizi wa mchana. Bibi Rahila alilala kwanza, palepale kwenye kochi, mguu mmoja una mafuta na mwingine hauna. Maha alijinyoosha zuliani, laptopu imefungwa, kurasa mbili zimekwisha. Noof alisema anapumzisha macho tu.

Mboni alikuwa hana desturi ya kulala mchana, lakini bibi alikuwa amemwagiza, tena kwa kumkunjia uso. Akajilaza kando ya ukuta na mto. Alitazama simu. Alama ilikuwa moja tu, ya kijivu, sauti bado haijafika kwa Sinan. Akaigeuza kifudifudi.

Akanyoosha mkono, akakitoa kitabu taratibu kwenye vidole vya Noof. Kurasa zilizobaki hazikuzidi unene wa kidole. Kusoma asingeweza, maneno yalikuwa mengi na marefu. Lakini neno la nyuki kwa Kiingereza alilijua tangu shule, lilikuwa chini ya picha ukutani, fupi, herufi mbili za katikati zimefanana. Akaanza kulitafuta. Alipitisha kidole mstari kwa mstari, aone kama baada ya ile alfajiri ya mjane nyuki wametajwa tena mahali, kama walikaa au walihama. Ukurasa wa kwanza hawakuwamo. Wa pili hawakuwamo. Alifungua wa tatu, wa nne, wa tano, mistari ikaanza kupanda juu ya mistari, na akalala, kidole chake kikiwa katikati ya ukurasa.